Wanamwombea Bibi Afike Desemba

Nyumba ya marehemu Harphool Singh,
Kijiji cha Kheri Balwali,
Wilaya ya Kaithal,
Haryana, India.

13 Oktoba 2025

Mpendwa Baba Mkubwa Randhir,

Ram Ram. Naigusa miguu yako nikiwa huku mbali, na ya Mama Mkubwa Kamlesh pia. Jatin nampapasa kichwani, ingawa kwenye picha mliyotuma naona atanilazimu nipande kiti kwanza.

Hamjambo huko Italia? Goti lako linaendeleaje, na baridi ya alfajiri kule zizini? Mara ya mwisho ulipopiga simu ulisema ng'ombe wa tajiri wako wana joto la umeme na wewe huna. Baba alicheka sana. Bibi hakucheka. Alikaa siku nzima akiuliza kama umepata shali nzito, na ukipata nafasi umjibu, maana sisi tumeshamwambia ndiyo bila kujua.

Sisi hatujambo kwa kiasi. Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ipo. Simu ya nyumbani huwekwa sauti ya juu uani ili kila mtu asikie, na siku hizi hata wasio wa nyumbani husikia. Isitoshe, unanifahamu. Nikipewa simu nasema niko salama, masomo yanaendelea, halafu namrudishia Mama. Kwenye karatasi naweza kumaliza sentensi.

Nyati wetu wa maziwa mwenye pembe iliyopinda amezaa jike. Mama anasema ni bahati. Maziwa ni mengi mpaka tunachoka kusukasuka samli.

Nimeingia darasa la kumi na moja. Mwalimu wa kemia amenipa ruhusa ya kuazima vitabu viwili kwa mara moja, jambo ambalo wengine hawapewi, na wenzangu wamenibatiza jina la Makaratasi. Sijali sana.

Mpunga umeanza kuvunwa. Mashine zinaunguruma tangu umande ukauke mpaka jua lizame, na ndege weupe wanazifuata nyuma kama watoto wanaofuata harusi. Mabua yamebaki ardhini, hatuyachomi. Ukisimama barabarani huoni moshi hata kidogo upande wa kijiji chetu, ila upande wa mto, kwa wale ambao hawamo kwenye kundi letu la wasiochoma, mbingu imeshaanza kuwa ya rangi ya majivu. Zamani ningesema hewa safi ni jambo la kufurahia.

Baba Mkubwa, ulikwishaondoka watu wa kampuni ya udongo walipokuja mara ya kwanza, kwa hiyo labda hukuelezwa vizuri. Walisema tusichome mabua, tusilime kwa trekta, tupande ngano kwa ile mashine inayotoboa katikati ya majani makavu. Ardhi ikiachwa hivyo huhifadhi kaboni ambayo ingepanda angani, na viwanda vya nchi za mbali hununua hesabu ya kaboni hiyo ili kufidia moshi wao. Babu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yaani mnanilipa nisifanye kazi? Wanangu, mlikuwa wapi nilipokuwa kijana?" Watu walicheka mpaka mkutano ukavunjika. Kesho yake akawa wa kwanza kuweka kidole gumba kwenye mkataba.

Nisiseme uongo, biashara ile imetufaa. Udongo wetu umekuwa mweusi zaidi na nyungunyungu wamerudi, nimewaona kwa macho yangu. Malipo ya kwanza yalituezekea chumba cha nyuma. Mjane Santro, yule mwenye shamba dogo karibu na bomba la maji, alimtibia mwanawe figo kwa malipo hayo. Mzee Ishwar, rafiki wa Babu, ambaye ndiye kiongozi wa kundi, alimwoza binti yake. Sharti lilikuwa moja gumu: mashamba yote ya kundi huhesabiwa kama shamba moja. Akichoma mmoja, wamechoma wote. Kila mtu aliona ni haki, kwa sababu kila mtu alikuwa anamfikiria jirani yake.

Hakuna aliyefikiria maiti.

Unajua desturi ya nyumba yetu. Watu wetu hawapelekwi kule penye paa la mabati ambako kijiji kizima huchomea wafu wake. Huchomwa kwenye kona ya shamba, karibu na kisima cha pampu, pale alipochomwa baba yake Babu na babu yake pia. Babu alipofariki Novemba iliyopita, na wewe karatasi zako za kuishi huko zikakuzuia kuja, Baba ndiye aliyeshika mwenge badala yako. Tuliweka kuni za mwembe, mikate ya samadi na samli. Kijiji kizima kilikuja. Mzee Ishwar alilia kuliko sisi. Baada ya majivu kupelekwa mto Ganga tukajenga kijukwaa cha matofali pale pale, na Bibi akakipaka chokaa mwenyewe.

Kilichofuata Baba alikuambia kwa mkato tu, naona, maana hakutaka kukutia huzuni. Taarifa ilikuja kwamba setilaiti imeona moto shambani kwetu, katikati ya msimu wa kuchoma mabua. Malipo ya kundi zima yakasimamishwa.

Kijana wa kampuni anaitwa Pratik. Alikuja, akavua viatu kabla ya kukikaribia kijukwaa, akasimama kwa heshima. Si mtu mbaya. Alimwambia Baba, "Mzee wangu, mimi naamini. Lakini jicho la juu halijui tofauti ya mtu na mabua. Linajua joto tu." Aliwaandikia wakubwa wake. Jibu lao lilikuwa kwamba kundi litapewa msimu mmoja wa kuangaliwa, tangu mpunga uvunwe mpaka ngano iote, mwisho wa Novemba. Moto ukionekana tena ndani ya msimu huo, popote katika mashamba yetu, kundi linafutwa na kila mtu anarudisha alichokwisha kulipwa. Baada ya hapo, ngano ikiwa kijani, moto mdogo hauhesabiwi.

Tangu siku ile kijiji kimebadilika namna ambayo ni vigumu kuieleza, kwa sababu hakuna aliyetutukana. Baba akienda barazani wanampisha akae. Lakini kiko cha maji kinapozunguka, bomba likimfikia yeye huwa limezimika makaa, na mtu huinuka kwenda kutafuta makaa mengine na harudi mpaka Baba aondoke. Wewe umelelewa hapa, unajua maana yake. Bado hawajatangaza kumtenga, kwamba asishirikiane nao moto na maji. Wanafanya mazoezi tu.

Mama alipochemsha sukari guru uani, watu wawili walifika wakihema kuuliza moshi ule ni wa nini. Mmoja alichungulia mpaka ndani ya sufuria. Watoto nao wamebuni mchezo, wakimwona mtu wa kwetu wanapiga kelele, "Moto! Moto!" na kutawanyika. Nilimsikia kijana mmoja kwenye foleni ya kupimia maziwa akisema, "Mzee Harphool alikufa mara moja. Sisi anatuua kila msimu." Wengine walicheka, kisha wakaniona, wakaanza kuzungumzia bei ya pumba.

Sasa nifike kwa Bibi.

Baba Mkubwa, Bibi si mgonjwa wa mafua kama ulivyoambiwa. Daktari wa Kaithal alisema moyo wake umechoka, turudi naye nyumbani, tumlishe anachopenda. Miguu imevimba. Akitoka kitandani mpaka mlangoni lazima apumzike katikati. Hata hivyo kila asubuhi anataka abebwe mpaka kwenye kona, awekwe kitini akitazama kijukwaa, na hapo hukaa akizungumza na Babu kuhusu nyati. Amesema mbele ya kila mtu, "Nitalala pembeni ya mzee wangu. Mabatini sitaki, huko utachanganywa na majivu ya kila mlevi."

Habari zilienea siku hiyo hiyo. Na hapo ndipo yalipoanza mambo yanayonikosesha usingizi.

Wanamletea maziwa. Wanamletea tini, lozi zilizolowekwa, supu ya dengu, samli ya ng'ombe mweupe. Watu ambao hawakukanyaga kwetu tangu majira ya baridi sasa wanagombania kumwona. Hekaluni wanamwombea kila jioni kwa jina, Bharpai mke wa Harphool, apewe uzima. Mganga wa mitishamba wa kijiji cha pili aliletwa kwa gari la Mzee Ishwar, na hatukuulizwa. Wakikaa kando ya kitanda hawamtazami usoni, wanamtazama kifuani, kinavyopanda na kushuka. Wakitoka wanamuuliza Mama mlangoni, "Amekula leo? Amelala vizuri?" na jibu hilo linafika barazani kabla Mama hajarudi jikoni.

Sijawahi kuona kijiji kizima kikimwombea mtu uzima nami nikaogopa.

Bibi alitambua kabla yetu. Juzi Mzee Ishwar alikuja na komamanga. Wewe unajua utani wao, shemeji na shemeji, tangu Bibi alipoletwa hapa akiwa bibi harusi.

"Ram Ram, shemeji," alisema. "Umeamkaje?"

"Nimeamka. Si hilo tu ulilofuata? Haya, rudi ukawaambie."

"Lo! Ulimi huo hauugui. Wewe utatusindikiza sote."

"Nikusindikize wewe? Tumbo hilo kuni zake nani atazimudu?"

Wote tuliokuwa chumbani tulicheka, hata yeye. Kisha kicheko kikaisha. Mzee Ishwar alikuwa anamenya komamanga, punje moja moja. Akasema polepole, "Shemeji, jikaze mpaka baridi ianze. Ngano ikishaota hakuna atakayekuuliza kitu. Mimi mwenyewe nitabeba kuni."

"Kwani mimi mtama, nina msimu wa kuvunwa?"

"Nakuomba kama ndugu."

"Na nisipoweza kungoja?"

Mzee Ishwar aliweka punje za komamanga kwenye kibakuli, akakisogeza karibu na mkono wake, akaondoka.

Baba alimfuata mpaka uani. Nilisikia kila kitu kwa sababu sauti yake haikuwa ndogo. "Baba yangu alikuwa wa kwanza kuweka kidole kwenye biashara yenu," alisema. "Leo mama yangu hana haki ya kipande cha ardhi cha kulala?"

"Satbir, mwanangu, mabati yapo. Wafalme wamechomwa mahali pabaya kuliko pale."

"Basi mpeleke mama yako."

Baba Mkubwa, hilo lilikuwa neno baya. Mama yake Mzee Ishwar alichomwa pale pale mabatini. Aliinamisha kichwa na kufunga lango nyuma yake kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

Nisikufiche upande wao pia. Mjane Santro alikuja peke yake, akakaa chini akakanda miguu ya Bibi, machozi yanamdondoka. Alipokuwa akitoka alimwambia Mama, "Dada, siwezi kukuomba mkwe wako anyimwe alichotaka. Wala siwezi kuitoa figo ya mwanangu niirudishe." Mama hakulala. Mimi pia nimeshindwa kumchukia mtu yeyote wa kijiji hiki, na ingekuwa rahisi zaidi kama ningeweza.

Baba amekwisha kukusanya kuni. Alizipanga nyuma ya zizi akazifunika majani. Wiki iliyopita tulizikuta zimelowa chapachapa, na mvua haijanyesha tangu Septemba. Alizianika juani. Siku chache baadaye nilipompeleka Bibi shambani tulikuta mfereji umefunguliwa. Kona nzima ilikuwa maji matupu, kijukwaa cha Babu kimesimama katikati kama kisanduku kilichosahauliwa na mafuriko. Chokaa ilikuwa imeanza kubanduka chini. Bibi aliangalia muda mrefu, akasema, "Wanamwosha mzee wangu. Vizuri, alikuwa mvivu wa kuoga." Lakini mkono wake ulikuwa umebana wangu mpaka kucha zikaacha alama.

Baba aliuliza kila mwenye shamba linalopakana. Kila mmoja alimwambia labda lango la mfereji lilijifungua. Baba alisema maji hayana miguu. Sasa amehamia kule. Amepeleka kitanda cha kamba, na pembeni yake kuna ile fimbo ya Babu yenye chuma kichwani. Vijana wa kundi nao wamejiwekea zamu ya kulinda mashamba dhidi ya moto, na wao wana fimbo pia. Mchana wanasalimiana. Naogopa siku Bibi atakapokata roho. Itakuwa Baba na fimbo yake mbele ya kijukwaa, na watu aliokua nao wakiwa wamemzunguka, na Bibi katikati hana wa kumbeba.

Nilimwuliza Pratik kama kona ile inaweza kutolewa kwenye biashara. Alisema inaweza, ila si kabla ya msimu wa kuangaliwa kwisha. Alikuwa na aibu kuniambia.

Kwa hiyo nimemwuliza Bibi mwenyewe. Iliniwia vigumu, nilizunguka kitanda mara nyingi nikijifanya naweka sawa shuka, mpaka akasema, "Medho, sema au keti." Nikasema. Nikamwuliza kama kuna mtu yeyote ambaye akimwomba aende mabatini atakubali.

Kisha akasema, "Randhir. Yeye ndiye mkubwa, moto wangu ni wake kuuwasha. Akisimama hapa mbele yangu akaniambia, Mama, twende mabatini, nitakwenda, nitakwenda hata jalalani. Lakini asiniambie kwa simu. Nilimzika mume wangu yeye akitazama kwa simu."

Hivyo ndivyo alivyosema, sikuongeza neno.

Najua ninachokuomba. Najua kibali chako bado kiko ofisini kwao na ukitoka kabla hujapewa huenda usiruhusiwe kurudi, na najua Jatin yuko shule, na nani atawalisha. Nimesoma yote niliyoweza kusoma juu ya sheria hizo. Sina haki ya kukuambia uje. Lakini Baba hatakuambia kwa sababu ya kiburi, Mama hatakuambia kwa sababu si nafasi yake, na Bibi hatakuambia kwa sababu anakupenda. Nimebaki mimi. Neno lako tu ndilo linaloweza kumfanya Baba aweke chini fimbo ile bila kuonekana ameshindwa.

Kama utakuja, njoo upesi. Kama huwezi, mpigie Baba umwambie hivyo waziwazi, ili aache kutazama barabara. Hasemi, lakini kila basi la Kaithal likisimama anageuka.

Tangu jana Bibi amekataa chakula. Si kwamba ameshindwa kumeza, amekataa. Alisukuma maziwa ya watu akasema, "Wameyatia hesabu ya siku zangu." Anakunywa maji ya kisima chetu tu, na tone la yale ya Ganga. Mama amemsihi, mimi nimelia. Anatulia kama mtu aliyekwisha kupanga mizigo yake.

Sijui nani aliwaambia. Asubuhi hii nilipofungua lango kwenda kuposti barua hii niliwakuta wametandika majamvi nje ya nyumba yetu. Mzee Ishwar yupo, na wengine wengi, vilemba vyeupe, miguu wameikunja, wamekaa kimya kama watu wanavyokaa matangani. Mjane Santro alikuwa upande wa wanawake, amejifunika uso. Nikamwuliza Mzee Ishwar wamekuja kufanya nini. Akasema, "Tumekuja kumliwaza baba yako, binti yangu." Nikasema hakuna aliyekufa. Akasema, "Tunajua. Tutangoja."

Nimerudi ndani kuongeza maneno haya, nitatokea mlango wa zizini.

Mama anawasalimu wote. Mdogo wangu Lakshay anamsalimu Jatin na anauliza kama huko wanacheza kabaddi. Msalimie Mama Mkubwa Kamlesh, mwambie shali yake ya harusi bado iko sandukuni, haijaliwa na nondo. Bibi hakutuma salamu. Nilimwambia nakuandikia, akaniwekea mkono kichwani akaushikilia hapo, nadhani ilikuwa baraka yako ambayo ameiacha kwangu niihifadhi.

Mungu akufungulie njia, iwe ya kuja au ya kubaki, na asikuache ufike mahali ukakuta majivu.

Mimi mwanao nikupendaye, ninayeangalia barabara pamoja na Baba,

Sumedha (Medho wenu)